Fundi anasema "kesho" kila siku: maswali yenu ya ujenzi

Barua za safari hii zimetoka Buhongwa, Igoma, Ukerewe na Busisi, hapa mkoani Mwanza, na nyingine moja haikusema imetoka wapi. Nimezisoma zote kwa mkupuo mmoja nikaona zinalia kitu kimoja, watu saiti wanaahidiana mambo ambayo hata wao wenyewe hawayaamini. Nimezipunguza kidogo, majina nimeyaacha nje kama mlivyoomba.

Habari za kazi. Mimi ni mama, nauza dagaa pale Mwaloni Kirumba, najenga Buhongwa taratibu kwa hela yangu mwenyewe. Nyumba imeshapauliwa. Shida ni mafundi, fundi ujenzi akisema Jumatatu anakuja Alhamisi, fundi umeme nikimpigia anasema nipo njiani mama, hafiki. Mwezi uliopita nikaamua plasta ipigwe tu maana saruji imekaa ndani na mvua zinakuja, ile plasta kuisha tu ndo fundi umeme katokea na tindo lake kaanza kuchimbua ukuta apitishe mabomba. Nililia. Majirani wanasema fukuza wote tafuta wengine. Nifanyeje?
*Mama wa Mwaloni*

Pole sana mama, ukuta mpya kuchimbuliwa unauma kuliko hata kuibiwa, maana aliyekuumiza umemlipa.

Kwanza tuokoe ukuta. Mwambie achimbe mifereji iliyonyooka, wima au mlalo, asikate mshazari ukuta mzima, na kabla ya kuziba aweke wavu wa waya juu ya mfereji ndo udongo wa saruji upigwe, hapo nyufa zitapungua. Saruji iliyobaki ipange juu ya mbao, isiguse sakafu wala ukuta, na mfuko ulioshika mabonge magumu usiutie kwenye kazi ya maana.

Sasa hao mafundi. Mimi nisingewafukuza leo, maana wapya watakuja na "kesho" yao hiyohiyo ukiwauliza kwa namna hiyohiyo. Angalia unavyowauliza, unapiga simu unasema "uko wapi, unakuja lini", na mtu mwenye saiti tatu ambaye kote ameshakula advansi hana jibu lingine zaidi ya nipo njiani. Muulize hivi: "ili uje Jumatatu ukamalize Ijumaa, unataka ukute nini kiko tayari?" Hapo utasikia mambo. Atakwambia mabomba hayajanunuliwa, au hajui tv itakaa ukuta upi, au anadhani fundi plasta bado hajaitwa. Kumbe huyu mtu hajawahi kuwa tayari hata siku moja, ila hakuna aliyemuuliza na yeye hakusema.

Halafu wakutanishe. Jumapili mchana, fundi ujenzi na fundi umeme, palepale kwenye nyumba, mtembee chumba kwa chumba. Usiwe wewe wa kubeba maneno ya huyu kumpelekea yule, waambiane wenyewe wewe ukisikia. Na ahadi iwe na mwisho unaoonekana kwa macho. "Ntamaliza umeme" haina mwisho. "Ijumaa jioni mabomba yamepita vyumba vyote na sebule, boksi za soketi na swichi zimekaa, Jumamosi mwenzangu anaweza kupiga plasta", hiyo hata mtoto anaweza kwenda kuangalia kama imetimia.

Na wewe mama useme ukweli wa hela yako, hili nalisema kwa heshima kabisa. Biashara yako inategemea giza, mbalamwezi ikiwa kali wavuvi wa dagaa wanapumzika na wewe mfuko unakauka, hiyo sio aibu, ndo ziwa lilivyo. Mwambie fundi wazi: kipindi cha giza naingiza hela, mbalamwezi sina, kwa hiyo kazi kubwa tuipange pale hela inapokuwepo na mbalamwezi ufanye ndogondogo au uende kwingine urudi tarehe fulani. Ukimwambia "hela ipo njoo tu" halafu akifika haipo, na wewe umemwambia nipo njiani.

Wa kufukuza ni yule ambaye umemuuliza vizuri, kakubali kwa mdomo wake, vitu vyote vipo, halafu hatokei na hapigi simu, na karudia. Anayekupigia Jumamosi kusema "mama Jumatatu sitafika, nitafika Jumatano" huyo mshike, huyo ni fundi.

Mwangaluka! Mimi ni foremani kwenye kampuni ndogo ya ukandarasi, tuna ghorofa mbili huku Igoma. Kila Jumatatu injinia anakuja na programu ya kazi kaichapa ofisini, anauliza slabu itamwagwa Ijumaa? Wote ndio bosi. Mimi najua nondo za mm 12 hazijaisha kuletwa na mikisa ya zege moja imekufa, ila ukisema hapana unaambiwa mvivu, au unaambiwa nafasi yako wanaitaka wengi. Ijumaa inafika hamna zege, lawama zote kwangu. Niseme vipi nisipoteze mkate wangu?
*Foremani, Igoma*

Mwangaluka baba. Swali lako ndo zito kuliko yote kwenye fungu hili kwa hiyo nitakaa nalo.

Jua kwanza kwamba hauko peke yako wala sio tatizo la Igoma. Kule Marekani miaka ya 1990 walikuwepo Glenn Ballard na Greg Howell, walichofanya ni kitu rahisi sana, wakachukua kazi ambazo makandarasi wamezipanga kwa wiki, mwisho wa wiki wakahesabu ngapi zimekamilika kama zilivyopangwa. Wastani ulikuja karibu asilimia 54. Yaani kwa wenzetu wenye kreni na kompyuta, karibu nusu ya yaliyosemwa Jumatatu yalikuwa hayajakamilika Ijumaa. Mwaka 1997 wakaanzisha taasisi yao, Lean Construction Institute, na namna ya kupanga kazi waliyoitengeneza imemweka katikati mtu kama wewe, wanamwita mpangaji wa mwisho, kwa sababu baada ya foremani hakuna anayepanga tena, kinachofuata ni mtu kushika koleo.

Wanachosema ni kwamba programu ya ofisini inaonyesha kinachotakiwa. Kinachowezekana ni kitu kingine, na anayekijua ni yule anayeona nondo zimefika ngapi. Ahadi ya wiki itolewe kutoka kwenye kinachowezekana tu, na itolewe na atakayeifanya, sio asomewe akubali kwa kichwa. Na hapa ndo pagumu: kama huruhusiwi kusema hapana, basi na ndiyo yako haina kazi yoyote, injinia anaondoka saiti na karatasi iliyojaa ndiyo na hajui lolote kuhusu Ijumaa.

Sasa utasemaje. Usiseme "haiwezekani bosi" ukanyamaza, hiyo inasikika kama uvivu kweli. Sema hivi: "Injinia, Ijumaa slabu haimwagiki. Nondo za mm 12 zimepungua na mikisa moja ni mbovu. Nondo zikishuka kesho kabla ya saa sita, kufunga kunaisha Alhamisi, fundi umeme anapitisha mabomba yake Ijumaa, wewe unakuja kukagua Ijumaa jioni, Jumamosi asubuhi tunamwaga. Mikisa ama itengenezwe ama tukodi. Nani anafuatilia nondo?" Umesema hapana, na papo hapo umetoa ahadi nyingine yenye siku na masharti, na umemuuliza nani anabeba sharti. Ni ngumu kumwita mvivu mtu aliyeongea hivyo. Na kama injinia wako ni wa kuona haya mbele za watu, mpigie Jumapili jioni umwambie kabla ya kikao, asikutane nayo mbele ya mafundi.

Msichungulie wiki hii tu. Kila kikao angalieni na wiki tano sita za mbele muulizane nini kitakwamisha, ramani ipo, vifaa vimeagizwa, mafundi wapo, mashine, kazi iliyotangulia imeisha, mvua. Vikwazo vingi ni vidogo ukivikuta mwezi kabla, ila asubuhi ya kumwaga zege, na vibarua wameshapanga foleni na hela ya siku wanaitaka, hapo kila kitu ni kikubwa.

Nunua daftari. Andika ahadi, jina la aliyeahidi, siku, imetimia au haijatimia, na kama haijatimia kwa nini. Iliyofika asilimia 90 andika haijatimia, usimwonee mtu huruma, kwa sababu kikosi kinachofuata hakiwezi kuanza juu ya asilimia 90, mabomba ya chumba kimoja yakibaki zege halimwagwi nyumba nzima. Ukishajaza kurasa kadhaa kaa na injinia msome ile sehemu ya sababu. Mara nyingi utakuta vifaa vimechelewa, maamuzi ya mteja yamechelewa, mafundi wawili wamepangwa sehemu moja siku moja, na uvivu utaukuta kidogo kuliko ulivyokuwa unatajwa.

Injinia nawe ukisoma hapa, nakuomba hilo daftari lisigeuke fimbo. Siku utakayomkata mtu hela kwa sababu ahadi yake haikutimia, wiki inayofuata kila mtu ataahidi kitu kidogo asichoweza kukosa, daftari litapendeza na nyumba haitaenda. Na ahadi zako za ramani na malipo ziandikwe mlemle pamoja na za kwao.

Kuna sababu nyingine ya mimi kulikazania hili na haihusiani na ratiba. Foremani anayeogopa kusema slabu haitamwagwa Ijumaa ndo huyohuyo ataogopa kusema kijana ameongeza maji kwenye zege ili limwagike kirahisi, au kwamba walipobandua mbao za nguzo wakakuta mashimo hadi nondo zinaonekana wakaziba haraka kwa saruji kabla bosi hajapanda. Zege linapimwa nguvu yake iliyokusudiwa kwa siku 28, na linataka kumwagiwa maji siku zile za mwanzo, siku 7 kwenda mbele. Mirunda ya chini ya slabu inatolewa pale injinia anaposema imetosha, sio pale mirunda inapotakiwa saiti nyingine. Ghorofa linalojengwa na watu wanaoogopa kusema ndo ghorofa linaloua, na wanaokufa ni wale waliokuja kupanga chumba wala hawakuwepo kwenye kikao cha Jumatatu. Kwa hiyo injinia ukimfokea mtu aliyekuletea habari mbaya, jua ile inayofuata hutaletewa.

Sisi tuna grupu la WhatsApp la saiti, kila kitu kinaandikwa mule, watu wanajibu "sawa bosi" na kidole gumba, ila kazi haziendi. Tunakosea wapi?
*Msimamizi*

Kidole gumba maana yake nimeona. Wewe umekisoma kama nitafanya.

Grupu liache kwa picha, risiti, mzigo uliofika. Ahadi mtoe mkiwa mmesimama pamoja asubuhi, dakika chache tu, halafu mmoja aandike kwenye grupu nani, nini, lini. Na wekeni sharti moja: anayeona ahadi yake inakwama aandike saa hiyohiyo, na hakuna kumtukana mule ndani. Akitukanwa mara moja tu wengine wote watarudi kwenye kidole gumba.

Shikamoo mhariri. Mimi ni mwalimu Ukerewe, ni katibu wa kamati ya ujenzi, tunajenga madarasa mawili kwa fosi akaunti, yaani kamati yenyewe inanunua vifaa na kuajiri fundi, hakuna mkandarasi. Hela ya awamu hii imechelewa. Mwenyekiti anasema tusimwambie fundi ukweli ataondoka na vijana wake, kwa hiyo kila Jumamosi tunamwambia wiki ijayo wiki ijayo. Vijana wametoka mbali, wanalala hapa shuleni. Na wananchi kwenye mkutano walinyoosha mikono wote kwamba watasomba mchanga na mawe, siku ikifika wanakuja wazee wanne. Nimechoka jamani.
*Mwalimu, Ukerewe*

Marahaba mwalimu. Mwambieni fundi, na mumwambie kesho. Mficha uchi hazai. Mnadhani mnamzuia asiondoke, kumbe ameshajua, vijana wake wanakula kwa mkopo dukani na mwenye duka naye anawauliza maswali kila jioni. Wakiondoka kwa hasira hawarudi, na kijiji kizima kitajua kamati haina neno.

Nyie kosa lenu ni kuahidi kitu kilichoko mkononi mwa mtu mwingine. "Hela inaingia wiki ijayo" sio ahadi yenu ya kutoa, inatoka halmashauri. Ahidini kilicho chenu: "nyaraka tulipeleka tarehe hii, hatujajibiwa, Ijumaa nakwenda Nansio mwenyewe na saa kumi na mbili jioni ntakuja kukwambia nilichoambiwa, hata kama ni hakuna." Halafu Ijumaa saa kumi na mbili uwepo kweli. Hata kama huna shilingi utakuwa umetimiza neno, na mtu aliyetimiziwa neno dogo anavumilia. Mpeni na uchaguzi, vijana waende wakafanye kazi nyingine warudi siku mtakayokubaliana, wabaki wawili wa kulinda vifaa na kumwagilia tofali, na hao wawili mhakikishe wanakula.

Huko kisiwani mna jambo la ziada, saruji na bati zinavuka maji. Mzigo ukikosa kivuko cha Kisorya na Rugezi siku hiyo fundi anakaa bure. Kwa hiyo asitajiwe siku ya kuanza kwa sababu mmelipia dukani Mwanza, atajiwe mzigo ukishashuka Rugezi. Na kamati ya mapokezi wasisaini mifuko ambayo hawajaihesabu kwa mikono yao, hata kama dereva ana haraka na kivuko kinaondoka. Ile saini inawaambia watu wote kitu kipo, na fundi atapanga kazi juu yake.

Kuhusu wananchi, mkono uliopandishwa kwenye mkutano hauna mwenyewe. Mtu amenyoosha kwa sababu jirani kanyoosha. Gaweni kwa kitongoji, kitongoji hiki tripu kadhaa za mchanga Jumanne, kile mawe Alhamisi, na mwenyekiti wa kitongoji aseme kwa mdomo wake watu wangapi watakuja na kama siku hiyo inawafaa. Ataleta sababu, msikilizeni, labda ni wakati wa kupanda, labda wavuvi wanarudi asubuhi wamechoka na wanaweza jioni tu. Siku aliyoichagua mwenyewe ataitetea. Na bandikeni ubao nje ya ofisi ya shule, hela iliyoingia, vilivyonunuliwa, vilivyobaki, kitongoji kipi kimeleta na kipi bado. Naamini nusu ya wale wasiotokea wanafikiri hela ipo na kamati inaila.

Mambo vipi. Mi ni fundi kijana natokea Busisi, toka daraja lile la Kigongo–Busisi lifunguliwe mwaka 2025 napata kazi Mwanza mjini kirahisi, sisubiri tena kivuko. Ila nikimwambia mteja ukweli, boma hili ni wiki sita, anaenda kwa fundi anayesema wiki tatu na bei chini. Ukweli utanilaza njaa au?
*Fundi wa ng'ambo*

Wengine utawakosa, sikufichi. Kuna mteja anataka kudanganywa na hutambadilisha kwenye maelewano ya bei.

Ila angalia unavyousema huo ukweli. "Wiki sita" peke yake ni namba tu na namba ndogo itaishinda. Mfungulie hesabu: msingi siku kadhaa, na hapa kwetu Mwanza mwambie mapema kabisa kwamba ukichimba ukakuta jiwe siku zitaongezeka na bei ya kuchimba itazungumzwa upya, usisubiri mlikute. Kozi za tofali hadi linta siku kadhaa, linta ikamwagwe na ikae, juu ya linta siku kadhaa. Kila hatua mwambie unachohitaji kutoka kwake, "tofali zikiwepo zote Jumatatu naanza, zikiletwa nusunusu siku zinasogea na hizo hazitakuwa zangu." Mteja akisikia hivyo anaanza kumuuliza yule wa wiki tatu maswali, na yule hana majibu.

Usichukue advansi ya saiti ambayo huwezi kuianza. Najua ni kishawishi, hela ipo mezani na nyumbani kuna ada, ila huo ndo mlango ambao mafundi wengi wazuri wameingilia kwenye uongo, mtu hakuwa mwongo, alikuwa na saiti tatu.

Mkubaliane kwa maandishi hata karatasi moja tu, kazi, siku, malipo kwa hatua, nani analeta nini, mashahidi wawili, na kama ni kazi kubwa mpite kwa mwenyekiti wa mtaa. Na kwa kuwa wengi wanaojenga Mwanza hawapo Mwanza, yuko Dar, yuko mgodini Geita, anajenga kwa simu na moyo unadunda, kila Jumamosi jioni mtumie picha na ujumbe wa sauti, kimeisha nini, kimekwama nini, wiki ijayo unaahidi nini. Kama kuna kona imepinda piga picha na hiyo kona, umwambie unaibomoa lini na tofali zilizoharibika analipa nani.